Saluti Nje ya Kanisa

Jumapili, usiku

Bado mwili unanisisimka. Baba alikuwa karani wa mishahara jeshini, lakini siku hizi hata jina langu linampotea. Naogopa.

Leo nje ya kanisa hapa Gatina, mzee mmoja mwenye mkongojo alimpigia Baba saluti, akataja namba yake ya jeshi, kama askari walivyofanya zamani wakienda kulipwa.

Baba akanyooka wima. "Wafula! Pesa zilimfikia mama yako Bungoma?"

"Zilifika, afande. Kila mwezi, hata tukiwa vitani." Mzee akajifuta machozi.

Na mimi nilidhani saluti ni ya wenye bunduki tu...

Jioni Baba akaniuliza mimi ni nani. Nikapiga saluti, nikataja jina langu. Akanitazama sana, akauliza kama mshahara wangu ulifika.

"Ulifika, afande."