Bunduki ya Kengo Imepona

Mkwe wangu Kengo,

Wali uko kwenye sufuria ya umeme, samaki nimemfunika. Kula kwanza, ndipo uguse bunduki yako ya mchezo, ile ya kurusha vidonge vya plastiki. Betri nimeichomoa. ~~Usiichomeke mpaka nirudi.~~ Ichomeke tu, inafanya kazi.

Ndiyo, nimeifungua. Asubuhi ulipokuwa ukiifungua mezani, springi yake iliporuka ikatua kwenye supu, nilikuambia, "Lete nikusaidie." Ukanijibu, "Mama, wewe pumzika, haya mambo ya kitaalamu," ukatoka kwenda kununua nyaya huku umenuna. Iliniuma. Miaka thelathini na moja nimelehemu redio kiwandani, na tangu nihamie kwenu kazi yangu ni kupumzika!

Basi nikalehemu. Nyaya zako zilikuwa nyembamba, na swichi ya kifyatulio ilikuwa imeungua. Nimeweka nyaya nene nilizokuwa nazo, nikaunga pia kile kidude ulichonunua cha kulinda swichi. Sasa ukigusa tu, inaitika. Springi mpya uliyonunua sikuiweka, nimerudisha ile ya zamani. Hiyo mpya ni kali kupita sheria, uwanjani mnakochezea wangekurudisha mlangoni.

Nimeijaribu bafuni. Mfuko wa shampuu wa Chizuru umetoboka. Mwambie wewe mkeo, mimi namwogopa.

Nimekwenda kuogelea, narudi saa sita. Jumapili tunakwenda wote uwanjani. Nimeshampigia simu nahodha wa timu yenu, Oginome. Alicheka sana, halafu akaniuliza kwa adabu kama anaweza kuniletea bunduki zake tatu mbovu.

Mama mkwe wako,
Hisae