Nimezaa Mapasa, Mutuelle Inatambua Mutoto Mumoja

Mama Saumu mupendwa, wewe unayejibu barua za watu, salamu kutoka kitanda cha maternité, hospitali ya uzazi, moja ya hapa Ndosho, Goma, naomba unisaidie, maana nimeshindwa kujua nilie ama nicheke.

Mimi ni Élodie, bibi ya Adalbert, tulikuwa tunalima viazi na mboga ya poireau kule Kibumba, vita ikatufukuza, tukateremuka Goma na godoro moja na kuku, na mutu aliyetufungulia mulango ni Papa Namegabe, hakutujua, hakuuliza kabila wala dini, alitupatia chumba, na kwa kuwa yeye ni agent wa mutuelle ya afya ya quartier, kile chama cha mutaa cha kuchangiana pesa za matibabu, akatuingiza humo, akasema, "Mukimbizi naye anagonjwaka, binti yangu, mulipe polepole." Tumelipa bila kuruka mwezi, Adalbert anasukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, mpaka mabega inavimba.

Basi uchungu ukanishika, nikazaa kijana, Jamila, infirmière aliyenizalisha, akapiga vigelegele, kisha akagusa tumbo yangu, akashituka: "Mama, usishuke kitandani, kuko mwenzake!" Akatoka binti. Furaha yake, Mama Saumu, siwezi kuisema! Lakini siku ya kurudi nyumbani maternité ikasema mutuelle inalipia mutoto mumoja, huyu wa pili ni deni yangu, na sitoki mpaka nilipe. Nikamwita Papa Namegabe.

"Binti yangu, bureau ya mutuelle inasema contrat, ile karatasi ya mapatano, ni ya uzazi mumoja," akaniambia. "Wewe umeleta wawili."

"Papa, tumbo ilikuwa moja!"

Akageuka, akaondoka.

Adalbert akawaka, akaenda kushitaki. Polisi wakamwambia hawana cachot, chumba cha kufungia watu, ya mapasa. Chef de quartier akampongeza kwa mukono, basi. Kisha akaona watu wamepanga mustari murefu mbele ya ofisi, akafikiri ni pale pa malalamiko, akasimama kutwa nzima, akarudi na ndoo na sabuni za wakimbizi! Tulicheka mpaka mushono ukaniuma.

Sasa yeye anataka turuke ukuta wa maternité tutoroke, kila mumoja na mutoto wake mugongoni. Mimi nauliza: malalamiko ya mutuelle yanapelekwa wapi? Na nitamushitaki namna gani mutu aliyenipa kitanda wakati sikuwa na kwetu? Nimechoka kufungwa hapa, lakini kuitwa musahau-wema naogopa zaidi.

Élodie

*

Élodie mwanangu, hongera kwanza! Mungu akukuzie wote wawili, mwenye contrat na asiye na contrat.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Uruke ukuta na mushono? Na mapasa hao, ukimunyamazisha mumoja, nani atamunyamazisha wa pili? Mwambie Adalbert aache ukuta wa watu. Wewe si mwizi. Ni mwanamemba aliyelipa.

Papa Namegabe alikupa nyumba yake, na kwa hilo umushukuru mpaka uzeeni. Lakini mutuelle si nyumba yake, ni ya wote wanaolipa. Ukinyamaza leo, kesho mama mwingine atafungwa kitanda hicho hicho. Heshima ni kumwambia yeye wa kwanza, uso kwa uso, kabla hujapanda kwa wakubwa wake.

Mwombe kwa upole akuandikie sababu ya kukataa, aonyeshe ni article gani ya contrat, atie sinyatire. Jamila naye aandike kwamba ulizaa mara moja. Adalbert apeleke karatasi hizo kwa gérante, yule mama anayeongoza mutuelle, si kwa polisi, na abakize copie yenye tampon, muhuri wa ofisi, ili kesho wasiseme hawakuona kitu. Gérante akikataa, aombe comité ile mulichagua ninyi wanamemba iketi. Comité nayo ikilala, panda kwenye ofisi ya serikali ya mukoa inayosimamia mambo ya mutuelle. Ngazi kwa ngazi, bila matusi. Na Adalbert, kabla ya kuingia mustarini, uliza ni mustari wa nini!

Mama Saumu

*

Mama Saumu, ni Élodie tena. Nilimwomba Papa Namegabe hiyo karatasi, akaninunia sana. "Leo mimi ndiye adui yako?" Machozi yakanitoka, nikamwambia, "Papa, wewe ni baba yangu hapa Goma. Ndiyo maana nimeanza kwako." Akavaa miwani, akafungua contrat atafute article. Akasoma, akarudia kusoma. Hakuna mahali palipoandikwa mutoto mumoja! Bureau ilimwambia kwa mudomo tu, na yeye akabeba maneno hayo bila kusoma.

Akaenda mwenyewe pamoja na Adalbert. Gérante akakataa, wakapanda kwa comité, na huko Papa Namegabe alipiga kelele kuliko mume wangu. Comité ikaamua: uzazi ni uzazi, watoto wawe wangapi, mutuelle inalipa.

Jana tumetoka. Adalbert alitandika godoro kwenye chukudu, nikaketi na kijana kama bibi-arusi. Papa Namegabe alitangulia na binti mikononi, na kila aliyemusimamisha njiani alimufunulia uso wa mutoto, akasema kwa majivuno, "Munamuona huyu? Alinishitaki, na alishinda."