Walikaa Naye Barabarani

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na wanao, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini. Mimi sijambo, ila mgongo. Mwenzangu wa kwenye mashine ya kukamua nguo anasema dobi asiyeumwa mgongo ni yule ambaye hafui, kwa hiyo nimeamua kujivunia maumivu yangu.

Kitindamimba wetu hayuko hospitali tena. Ana miezi mitano nje. Sikukwambia, kwa sababu tangu nilipokupigia simu kukueleza alichonitendea hukutaka hata kutajiwa jina lake, nami nilikuwa na sababu zangu za kunyamaza. Leo naomba usome mpaka chini. Utakasirika, lakini soma.

Mwanzo wake unaujua. Wiki chache baada ya kumzika mama aliacha kulala, akazifungua saa zote ambazo wateja wake walimletea kutengeneza na kuzitandaza sakafuni, akisema mama anaita kutoka ndani ya mojawapo. Nikikanyaga kigurudumu, analia kana kwamba nimemkanyaga mama mwenyewe. Mwisho akaingizwa katika wodi ile ambayo mimi nimeifulia mashuka miaka tisa.

Dada, mahali pale panatia kinyaa. Nilikuwa napajua kwa yale yanayoletwa kwenye toroli la nguo chafu, na hayo peke yake yanatosha kukutapisha. Kuingia kama ndugu wa mgonjwa ni jambo lingine. Harufu ya mkojo na klorini inakupokea mlangoni, inakukaa kooni siku nzima. Nilimkuta amenyolewa kwa wembe uleule ulionyoa wenzake wanane kabla yake. Gauni walilomvika lilikuwa wazi nyuma, makalio nje, naye amelishikilia kwa mkono mmoja kama mtoto aliyejichafua. Sindano zilikuwa zimemlegeza, udenda unamchuruzika, nzi anatembea kwenye mdomo wake na yeye hana habari. Kwenye vifundo vya mikono alikuwa na michubuko ya kamba. Wanawaogesha kwa mpira wa kuoshea magari, wote pamoja uwanjani, mhudumu akiwa na soda mkononi.

Daktari mkuu alinisikiliza huku akimenya karanga juu ya faili. Nilimwuliza mdogo wangu ana nini na atatoka lini. Akapuliza maganda, akaandika mstari mmoja, akasema nikamwulize nesi kwa sababu yeye ana wagonjwa sitini. Mdogo wetu alikuwa amekaa hapohapo, hatua mbili kutoka kwake. Hakumtazama hata kwa bahati mbaya. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua yao.

Aliyetusaidia ni nesi mmoja aliyeacha kazi katika hospitali hiyohiyo, mwanamke mfupi ambaye kila mtu humwita Mama Taratibu kwa sababu hata chai yake hunywa kama anaikagua. Ana nyumba ya vyumba viwili na ua, nyuma ya karakana ya fundi viatu. Huyo fundi viatu mwenyewe alishafungwa kamba katika wodi ileile mara mbili. Wa tatu wao ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mkewe alifia humo. Wanawapokea watu wachache na kukaa nao kwa zamu. Nilisumbuka wiki tatu kutafuta sahihi za kumruhusu atoke, ndipo tukamtoa.

Usidhani ni waganga wa majani. Dawa hawakuzitupa. Daktari mmoja kijana, binti mpole, huja kila Jumatano, hukaa kwenye kiti cha plastiki kama sisi, na dozi wanaipunguza kidogo kidogo huku wakimwuliza mwenyewe anajisikiaje. Mlango hauna kufuli. Anapoongea na mama, hawamkatizi. Fundi viatu humwuliza mama kasemaje leo, na mwalimu humtuma amsalimie na amwulize kama huko nako kuna vikao visivyokwisha. Siku moja mdogo wetu alicheka mpaka akashika mbavu. Bado zipo siku ambazo hatoki chumbani, sitakudanganya.

Mimi, kusema kweli, niliwadharau. Niliona watu wazima wanacheza na moto.

Halafu mwezi uliopita, saa nane mchana, nikiwa nimempelekea nguo, alitoka mbio akipiga kelele kwamba mama amefukiwa chini ya lami. Akapiga magoti katikati ya barabara, mbele ya mapipa ya taka, akawa anakwangua lami kwa kucha mpaka damu ikatoka. Magari yakasimama, honi zikalia, watu wakajaa. Mwenye duka la simu akaja na kamba. Nami, dada, nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni, natafuta namba ya gari la hospitali.

Mama Taratibu akamwomba mwenye duka aweke kamba chini. Kisha akaketi. Barabarani, juani, pembeni ya maji ya taka yaliyokuwa yanachuruzika na kunuka. Fundi viatu akaketi upande wa pili na aproni yake, mwalimu akavua koti, akalitandika, akaketi naye. Hawakumgusa. Mama Taratibu alimwambia wako hapo na hawaondoki, na kama anataka kuchimba wataangalia naye. Madereva walitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha wakazunguka. Kikapita kitambo kirefu, saa mbili na zaidi. Akapunguza, akawa anagusa tu ile lami. Akasema kwamba siku ya mazishi hakupewa nafasi ya kutia udongo, kwa sababu mimi nilimwambia atatuaibisha kwa kulia. Hilo sikulikumbuka mpaka alipolisema. Akalaza kichwa kwenye koti la mwalimu, akalia kama watu wanavyolia, basi. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Dada, sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Nilikwambia alinishikia kisu shingoni. Hakushika kisu. Hakuninyanyulia hata mkono, siku ile wala siku yoyote. Nilikuwa sijalala siku nyingi, nimechoka, na namwonea aibu mbele ya majirani. Kazini nilikuwa nimesikia kwamba mgonjwa asiye na vurugu huambiwa arudi wiki ijayo, ila ukitaja kisu gari linakuja saa hiyohiyo. Nikataja kisu. Na kwa sababu ya kisu wakamfunga, wakamchoma sindano za kumlegeza ng'ombe. Nilijua watamfanya nini. Mashuka yao nilikuwa nayafua mimi.

Nimerudi kwa yule daktari mkuu kumwomba afute habari ya kisu kwenye faili. Akasema ndugu wote hukana baadaye, kilichoandikwa kimeandikwa. Sikuwa na nguvu ya kumchukia. Nilijinusa mikono yangu, nikajionea kinyaa mwenyewe.

Mdogo wetu nilimwambia nikiwa ninamfunga bendeji za vidole. Alininyooshea kidole kingine nikifunge. Kisha akaniuliza, “Ulikuwa umechoka, dada?” Nikamjibu ndiyo. Akasema, “Ungesema tu.” Akaugeuza uso ukutani, na siku nne hakuniongelesha. Siku ya tano aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema hataki kuniona mpaka ujue.

Basi umejua. Ukitaka kunitukana, namba yangu ni ileile. Lakini kwanza mpigie yeye, kupitia simu ya fundi viatu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Wasalimie wanao, umpe shemeji pole ya kazi. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Ni mimi mdogo wako,
Mapovu