Kadi za Jumatatu

Kasulo, 4 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na kikohozi kimemwachia mama. Mgongo wako unaendeleaje? Mikoba ya gofu ya hao mabwana bado ni mizito?

Shibuda wa lori ameleta kadi zako ishirini za matokeo ya gofu, hazikulowa. Nitakuhesabia handikapu kama ulivyoomba, ila nieleze kwanza: ni kitu gani hasa? Hata mwalimu wetu wa hisabati hajui. Na ukishinda shindano ukapewa hiyo pikipiki, utakuja nayo moja kwa moja? Kila chombo kikipunguza mwendo kutoka Rusumo natoka kutazama. Mama anasema, "Kaa chini, Yuster, utauchakaza mlango!"

Mwanao,
Yuster

Kigali, 11 Mei 2025

Mwanangu Yuster,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unalalamika kama kawaida yake.

Handikapu ni mipigo unayosamehewa. Hodari anasamehewa michache, mnyonge mingi, ili wakicheza pamoja yeyote aweze kushinda. Zamani kila nchi ilikuwa na hesabu yake. Wamarekani walichukua raundi kumi bora kati ya ishirini, Waaustralia nane, Waingereza wakapandisha na kushusha kidogo kidogo baada ya kila shindano. Wageni wakikutana, ubishi mtupu! Tangu 2020 nchi nyingi zinafuata moja: nane bora kati ya ishirini za mwisho. Kwa kila kadi, chukua mipigo yangu, toa kiwango cha uwanja, zidisha kwa 113, gawanya kwa ugumu wa uwanja. Namba hizo zipo juu ya kadi. Kisha tafuta wastani wa nane zilizo ndogo kabisa.

Kila Jumamosi nacheza na bosi Ferdinand, yule ninayembebea mikoba. Jumatatu uwanja ni wetu sisi wabebaji, na Jumatatu iliyopita niliwanyamazisha wote! Shindano ni tarehe 28 Juni. Baada ya miaka miwili siwezi kurudi mikono mitupu.

Baba yako,
Privatus

Kasulo, 18 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, natumaini nawe pia.

Nimehesabu mara tatu, jibu ni 14.2. Lakini nilizipanga kadi kwa tarehe, nikazilinganisha na kalenda ya kanisa iliyo ukutani. Zote ni za Jumamosi. Ile ya kuwanyamazisha wote iko wapi? Labda ilibaki mfukoni. Nitumie hiyo na nyingine za Jumatatu, nikupe namba yako ya kweli.

Mwanao,
Yuster

Kasulo, 8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Maharage tumeng'oa, yanakauka uani.

Shibuda amepita mara mbili bila barua. Anasema, "Baba yako siku hizi ananikwepa kama namdai!" Nimemweleza mama habari za kadi. Alicheka, akaendelea kupeta maharage, halafu akauliza, "Kwani nani alimwomba pikipiki?"

Mimi pia sikuiomba, baba. Nilikuwa natazama pikipiki kwa sababu wewe ulisema pikipiki. Mabasi nayo husimama hapa.

Mwanao,
Yuster

Kigali, 29 Juni 2025

Mwanangu Yuster,

Marahaba, ya barua zote mbili. Mimi mzima.

Kadi za Jumatatu zilikuwa chini ya godoro, kumi na moja. Ferdinand ndiye aliyesema hakuna atakayejua, lakini mkono uliozificha, ili nisamehewe mipigo mingi, ni wangu. Nilizipeleka kwa karani wa klabu, handikapu ikashuka hadi 8.9. Jana nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, nikawa wa sita. Ningesamehewa ile mipigo mitano zaidi... Hesabu hiyo nimeshaipiga, usiipige wewe. Ferdinand hanisalimii.

Wa sita hupewa mwavuli. Najua ni kiangazi, mtanicheka. Hauingii kwenye begi, kwa hiyo mtaniona nao mkononi nikishuka kwenye basi Alhamisi. Mwambie mama nimeujaribu hapa nje juani: watu watatu wanaenea, wakibanana.

Baba yako,
Privatus