Kilio Nilichomwibia Mama Edina

Jumamosi, Njombe. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na vidole vinaniuma kwa baridi. Leo mchana filamu yangu imeoneshwa kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa kukodi karibu na stendi.

Kwa msionijua: nina studio ya picha Makambako. Napiga harusi na vipaimara. Lakini kwa miaka tisa nimekuwa mwanafunzi wa mzee mmoja wa Kijapani ambaye hajui kama nipo duniani.

Ni mwongozaji wa filamu. Sitamtaja jina. Alianza na kamera ya kuazima, akiwarekodi rafiki zake chumbani kwake. Filamu yake ya pili ilipigwa marufuku. Ya nne iliwatoa watu ukumbini wakitapika. Alikaa miaka mingi bila kazi, kisha akarudi uzeeni kushangiliwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akizomewa. Nilisoma kwamba aliwahi kumwambia mwigizaji uongo mbaya ili apate machozi ya kweli. Wenzangu waliposoma hayo walimchukia.

Mimi nilijifunza.

Mwaka jana nilimwomba Mama Edina, muuza viazi sokoni, anichezee mjane katika filamu hii. Ni mtu asiyejua kukataa. Tulirekodi nyumbani kwangu. Kila nilipomwambia alie, alicheka, akajifunika kanga usoni na kuniomba radhi. Tulirudia mara kumi na moja.

Nikatoka nje. Nikarudi na simu mkononi, kamera ikiwa inaendelea kurekodi.

"Mama Edina, wamepiga kutoka kwenu Ipelele. Mama yako amefariki asubuhi."

Alianguka kama gunia. Alilia kwa Kikinga, lugha ya kwao, akimwita mama yake, akimweleza kwa nini hakwenda kumwona tangu mavuno. Dakika nne. Sikuzima. Nilisogeza kamera karibu.

Kisha nikamwambia ukweli. Akakaa palepale sakafuni, akanitazama.

"Kwa hiyo mama yupo?"

"Yupo."

"Haya, kaka."

Akainuka, akaenda kunawa uso. Vipande vilivyobaki alivimalizia, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Mwezi uliofuata mdogo wake wa kiume alinipigia mimi, maana simu ya Mama Edina ilikuwa kwa fundi na kwa siku kadhaa alikuwa akiongea na nyumbani kwa simu yangu. Mama yao alikuwa amefariki kweli. Nilikimbia sokoni kumwambia. Hakuacha kupanga viazi kwenye ndoo.

"Leo kamera umeificha wapi?"

Nikaapa. Nikampa simu ampigie mdogo wake, mtandao wa Ipelele ukagoma. Akaniambia niende nikatafute mwingine wa kumchezea. Aliamini siku ya pili, msafiri kutoka Makete, wilaya ya kwao, alipompa pole. Alipofika nyumbani kwao, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba kilio kile nikitoe kwenye filamu. Nikamwahidi.

Sikukitoa.

Leo alikuja bila mwaliko, akakaa safu ya tatu. Kipande kile kilipofika, mtu mmoja nyuma akacheka. Akaiga neno mojawapo la Kikinga. Wakacheka wengi. Mama Edina hakutoka, hakugeuka. Alijitazama akilia mpaka mwisho.

Nikiri nilichowaza wakati ule? Sikumwaza yeye. Niliwaza kwamba kipande ni kirefu mno, na kwamba ningekata dakika moja wasingecheka.

Filamu ilipokwisha, alinipa mkono mlangoni kama watu wanavyopeana msibani.

"Kamwene," akasema, salamu ya huku kwetu. "Ule msiba niliukosa, kaka. Huu nimeuwahi."

Akaenda kutafuta gari la Makambako. Nilibaki nimesimama, watu wananipongeza, na ninaona aibu kuandika kwamba pongezi zile zilinipendeza.

Sasa hivi nimepata ujumbe kutoka kwa mtu anayeandaa maonesho Dar es Salaam. Anaitaka filamu. Amekitaja kilio, anasema hajawahi kuona uigizaji wa namna ile, na anauliza kama mwigizaji ameridhia kioneshwe.

Nimeandika: "Ameridhia."

Sijautuma. Wala sijaufuta.