Alama Kwenye Shavu la Mama

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka kwenye chumba chetu ambacho bado kinanuka rangi. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto, wameacha kukohoa? Sisi wazima kabisa. Mimi nimenenepa kwa furaha mpaka mama mkwe ameanza kunikagua tumbo.

Ndoa ni tamu, dada! Shemeji yako hunichana nywele kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka lake la kuchapisha kadi na picha. Kusuka hajui, lakini anavyojitahidi!

Sasa kaa chini. Picha ya mama, ile moja tu tuliyo nayo, uliyoitafuta mpaka ukanuniana na shangazi, ninayo mimi. Niliitoa kabatini kwako asubuhi ya harusi nikaificha kifuani, ndani ya gauni, ili mama naye awepo. Nikacheza nayo siku nzima. Jasho, dada! Nilipoitoa ilikuwa imekunjamana, ina ufa katikati na madoa kama ya chai. Nililia siku mbili, bibi harusi mzima, mpaka shemeji yako akadhani nimeshamchoka.

Nilipomweleza hakunicheka. Aliipiga skana, akasema kazi hiyo ataifanyia nyumbani, maana hataki wateja wamwone mkwewe katika hali ile. Kompyuta yetu ni kuukuu, ameiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na programu ya kulipia anayotumia dukani haiingii humo. Basi Jumamosi mchana tukabanana kwenye kiti kimoja kuchagua mojawapo ya programu za bure za kurekebishia picha. Pinta ni nyepesi na mtu anaizoea upesi, lakini haina kifaa cha kuponya mikwaruzo. Krita ina brashi za kumwaga, ila shemeji yako akasema hiyo ni ya wachoraji zaidi, na sisi hatutaki kuchora mama mpya. Mama mkwe alipita akatusuta kwamba wenzetu wakioana hutazamana wao kwa wao, sisi tunatazama kompyuta. Tukaangukia GIMP.

Sijui nikueleze vipi. Anagusa ngozi safi, kisha anagusa ufa, na ufa unajifunga kama kidonda kinachopona mbele ya macho yako! Kila rekebisho analiweka kwenye tabaka lake, kama plastiki angavu iliyolazwa juu ya picha, na chini picha yenyewe haijaguswa. Na kazi yote hiyo watu tusiowajua wameitengeneza wakatugawia, hata asante hawajatudai. Likatokea jicho moja la mama, kisha la pili. Nikashika mkono wa mume wangu.

Akafika shavu la kushoto. Karibu na mdomo pana kialama cheusi. Akaniuliza kama ni doa alifute, au ni cha mama mwenyewe.

Dada, miaka yote ukisimulia mama alivyokuwa akicheka, mimi huitikia kwamba nakumbuka. Ni uongo. Sikumbuki chochote. Niliogopa kwamba nikisema, utabaki peke yako kumkumbuka. Hata picha yenyewe, kila ulipoitoa, niliitazama macho yamejaa machozi nisione kitu.

Shemeji yako alinifuta uso, akakiweka kile kialama kwenye tabaka lake peke yake. Akikificha, mama hana alama. Akikirudisha, anayo. Wote wawili wananitazama kwa upole uleule, nami sijui yupi aliyenizaa.

Nigombeze utakavyo, ni haki yako. Ila niandikie: alikuwa nayo, au hakuwa nayo? Shemeji yako amekataa kuchapisha mpaka useme wewe. Niombee radhi kwa shangazi, umwambie mwizi amepatikana, na watoto uwabusu mashavuni kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku