Klachi ya Jipu la Mnunuzi wa Pamba

KITUO CHA POLISI BARIADI
Shahidi: Athanasi Nyanda, miaka 24, mwanafunzi wa uhandisi mitambo (chuo kimefungwa), mkazi wa Bariadi mjini.

Ndugu Koplo Monika, nanyi ndugu zangu wakulima mliojazana dirishani: tumechoka pamoja, basi tusikilizane.

Mnamo tarehe 14 Agosti 1996, saa nne asubuhi, niliitwa njia ya Maswa kulitazama jipu la Bwana Constantine, mnunuzi binafsi wa pamba. Injini iliwaka, gia haikuingia. Wakulima aliowakatalia pamba walikuwa wamemzunguka dereva wake, Masalu, wakishangilia: "Bhabha Masalu, umemkomesha!"

Masalu akajibu, "Kwani nani mwingine?"

Constantine alisikia. Kwa jibu hilo Masalu yumo mahabusu, akituhumiwa kuharibu gari makusudi.

Nilikanyaga klachi, pedali ilizama, haikurudi. Bomba halikukatwa wala halikuvuja. Nilifungua silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi. Mpira wake ulikuwa umevimba na kukwama. Nilichovya kidole katika kikopo cha juu, panapotiwa mafuta ya breki yanayoendesha klachi, nikanusa: mafuta ya kupikia, ya mbegu za pamba. Hayo huvimbisha mpira.

Nilimuuliza Constantine. Alisema, "Mafuta ya breki yalituishia njiani, kijijini Sola. Nikamwambia Masalu aongeze hayo ya kupikia. Si mafuta tu, bwana?"

Jioni niliruhusiwa kumwona Masalu, nikamweleza habari ya mpira. "Kaka, kwa nini umekiri?"

"Athanasi, tangu nizaliwe sijapigiwa makofi. Ulitaka niwaambie mpira umevimba?"

Ndugu Koplo, ni mimi niliyewahutubia watu hawa juu ya soko huria ambalo uhuru wake ni wa mnunuzi peke yake. Sifuti neno. Ningefurahi kama gari lile lingegomeshwa na mkono wa mkulima. Halikugomeshwa. Lilikufa kwa amri ya mwenyewe, na siwezi kumwacha mtu afungwe ili sisi tupate shujaa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia; silinda naiacha mezani kwako.

Nanyi ndugu zangu, tukutane Jumapili, saa nane mchana, mbele ya ghala. Ajenda ni pamba iliyokataliwa. Habari ya jipu imeisha.

(Sahihi) A. Nyanda

Maelezo yamesomwa kwa shahidi, ameyakubali. Silinda imepokelewa. Mtuhumiwa ameelezwa kwamba anaweza kuachiwa. Bado anashikilia kuwa ni yeye.
Koplo Monika